Kocha mkubwa katua: namna ya kujua kama klabu iko naye kweli

Siku kocha mwenye jina anapotambulishwa, maneno huwa ni yale yale kila klabu. Kuna mradi wa muda mrefu, kuna imani kamili, na kocha atapewa ushirikiano wote. Anapigwa picha kashika skafu, mwenyekiti pembeni anatabasamu, na kabla ya jua kuzama mashabiki wameshapanga kikosi cha msimu ujao kwenye kundi la WhatsApp. Mwaka na nusu ukipita, mtu huyo huyo anaagwa kwa taarifa ya mistari minne, na kijiweni ubishi ni mmoja tu: klabu ilimwangusha kocha, au kocha aliiangusha klabu?

Huna haja ya kusubiri mwaka na nusu. Dalili za klabu itakayosimama na kocha wake huonekana mapema, nyingine hata kabla hajaongoza mazoezi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunazitafuta sehemu moja tu, kwenye jumla ya pesa za usajili. Tunahesabu pauni, tunalinganisha na wapinzani, tunahukumu. Pesa ina lake la kusema, lakini swali ninalolitanguliza mimi ni hili: klabu iko tayari kupoteza nini kwa ajili ya mtu huyu? Kumnunua mshambuliaji ambaye bodi ilimtaka tangu mwaka juzi kunaigharimu bodi fedha tu. Kumwacha aende nyota anayeuza jezi kwa sababu kocha kasema hamhitaji, hapo pana maumivu, na klabu isiyokubali maumivu bado haijamkubali kocha.

Mfano wangu mkuu ni Antonio Conte. Anafaa kwa kazi hii kwa sababu yeye habadiliki. Anataka wachezaji waliokomaa, anawataka sasa hivi, na asipopewa husema hadharani. Klabu ndizo zilizobadilika. Amechukua ubingwa wa Italia akiwa Juventus, akiwa Inter na akiwa Napoli, amechukua wa England akiwa Chelsea, kisha akapita Tottenham akatoka mikono mitupu.

Alipofika Inter mwaka 2019, alimkuta Mauro Icardi. Huyu alikuwa mfungaji wao mkuu kwa misimu mingi na aliwahi kuwa nahodha, japo kitambaa alishavuliwa kabla Conte hajafika. Klabu ilitamka wazi kwamba hayumo kwenye mipango. Jezi namba 9 akapewa Romelu Lukaku, ambaye Conte alimtamani kwa miaka na ambaye Inter ilivunja rekodi yake ya usajili kumtoa Manchester United. Icardi akapelekwa PSG kwa mkopo. Radja Nainggolan, aliyesajiliwa mwaka mmoja tu nyuma kwa fedha nyingi, naye akatolewa kwa mkopo kwenda Cagliari. Mtu aliyekuwa anafuatilia dirisha lile hakuhitaji kumsikiliza mwenyekiti hata dakika moja. Klabu ilikuwa imekubali kumeza hasara ya mamilioni ili chumba cha kubadilishia nguo kiwe cha kocha. Mei 2021 Inter ikawa bingwa, ikakata mfululizo wa Juventus wa mataji tisa.

Na wiki hiyo hiyo ya sherehe Conte akaondoka. Wamiliki, kampuni ya Suning ya China, walikuwa wamebanwa kifedha na walimweleza kwamba lazima mishahara ishuke na mastaa wauzwe. Miezi miwili mitatu baadaye Achraf Hakimi alikuwa PSG na Lukaku alikuwa Chelsea. Kuna funzo la kiutendaji hapo ambalo mashabiki hulisahau: uungaji mkono una muda wake wa kuisha. Usipime klabu mara moja ukaridhika. Fuatilia hali ya mmiliki kama unavyofuatilia majeruhi. Biashara yake nje ya mpira ikitikisika, kocha wako ndiye wa kwanza kujua na wewe ndiye wa mwisho.

Sasa mchukue kocha huyo huyo umpeleke London. Novemba 2021 Tottenham ilimpa mkataba hadi Juni 2023, wenye kipengele cha kuongeza mwaka. Hebu tazama urefu wake. Kocha aliyetoka kuwa bingwa wa Italia miezi sita nyuma anasaini kwa mwaka na nusu hivi. Mkataba wa namna hiyo unakwambia kwamba kila upande umeacha mguu mmoja nje. Klabu haikutaka kufungwa naye, naye hakutaka kufungwa nayo, na kazi iliyokuwepo pale ilikuwa ya miaka mitatu kwa uchache.

Lakini usikimbilie kuamini mikataba mirefu. Mmoja wa watangulizi wake, Mauricio Pochettino, alisaini wa miaka mitano Mei 2018. Msimu uliofuata Tottenham haikusajili mchezaji hata mmoja, dirisha kubwa wala dogo, kwa sababu fedha na akili zote zilikuwa kwenye uwanja mpya uliogharimu karibu pauni bilioni moja. Pochettino aliifikisha timu hiyo hiyo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya Juni 2019, na Novemba mwaka huo akafukuzwa. Manchester United nao walimwongezea Jose Mourinho mkataba Januari 2018 wakamtimua Desemba. Walimwongezea Erik ten Hag Julai 2024 wakamtimua Oktoba. Mahesabu ya klabu yalionyesha Mourinho na wasaidizi wake waliondoka na pauni milioni 19.6, na kundi la Ten Hag milioni 10.4. Kwa hiyo unaposoma mkataba, linganisha fidia na mfuko wa klabu. Klabu ya kati italipa fidia ya namna hiyo kwa machozi, na machozi hayo yanamlinda kocha. Klabu tajiri huilipa kisha ikaendelea na shughuli zake.

Rudi kwenye kipimo cha kupoteza. Kwa Tottenham, fedha zilitoka, na hili ndilo linalowachanganya watu. Mei 2022 wamiliki walitangaza kuingiza hadi pauni milioni 150. Dirisha lile likaleta Richarlison, Yves Bissouma, Ivan Perišić, Clément Lenglet kwa mkopo, Djed Spence na kipa wa akiba Fraser Forster. Ukihesabu vichwa, klabu imemuunga mkono. Ukiwatazama mmoja mmoja, unaona mipango miwili imekaa kwenye basi moja. Perišić alikuwa na miaka 33, hana ada ya uhamisho, na Conte alishamfundisha Inter. Huyo ni wa kocha, na ni wa kushinda leo. Spence alikuwa na miaka 21, anatoka ligi daraja la pili, na Conte mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba huyo ni chaguo la klabu. Januari akapelekwa Rennes kwa mkopo. Beki wa pembeni ambaye mfumo ulimhitaji kwa kweli, Pedro Porro, alifika siku ya mwisho ya dirisha dogo la 2023, na kabla ya Machi kuisha Conte hayupo tena.

Hapo una zana ya kwanza ya kutumia wewe mwenyewe. Kila usajili unapotangazwa, acha bei kwanza. Uliza umri wake unalingana na saa ya kocha au saa ya klabu. Kocha aliyesaini kwa miaka miwili akiletewa vijana watano wa miaka 19, huyo anajengewa nyumba ambayo hatalala ndani yake. Kisha uliza kama nafasi aliyosajiliwa ndiyo ile kocha aliyoilalamikia. Rafael Benítez alishaliweka jambo hili vizuri alipokuwa Valencia msimu wa 2003/04, aliposema kwamba yeye aliomba sofa na wao wakamletea taa. Msimu ule alitwaa ubingwa wa Hispania na Kombe la UEFA, kisha akaondoka.

Zana ya pili ni kujua nani ana neno la mwisho. Watu wengi hudhani kocha anayeungwa mkono ni yule anayeachiwa kila kitu, na hapo ndipo hukosea kuhusu Jürgen Klopp. Liverpool haikumpa Klopp ufunguo wa sanduku. Kulikuwa na Michael Edwards, mkurugenzi wa michezo kuanzia Novemba 2016, na timu ya watafiti wa takwimu. Klopp mwenyewe amekiri kwamba watu wa usajili ndio waliomsukuma kumchukua Mohamed Salah mwaka 2017. Kwa hiyo kuna mkurugenzi mwenye nguvu, kuna kocha mwenye nguvu, na klabu inakwenda. Kinachotenganisha Liverpool ile na Tottenham ya Conte ni kile kilichotokea pale walipokubaliana juu ya jina na jina likakosekana.

Dirisha kubwa la 2017 walimtaka Virgil van Dijk. Southampton wakalalamika kwamba mchezaji anashawishiwa bila ruhusa, na Liverpool ikalazimika kuomba radhi hadharani na kusema imejitoa. Klabu nyingi hapo zingenunua beki yeyote mrefu aliyekuwepo sokoni ili mashabiki watulie. Liverpool haikununua. Ikaanza msimu na mabeki wa kati wale wale, ikafungwa 4-1 na Tottenham pale Wembley mwezi Oktoba, ikatukanwa wiki nzima, ikanyamaza. Januari 2018 Van Dijk akaja kwa pauni milioni 75. Mwezi huo huo Philippe Coutinho aliuzwa Barcelona, na kiangazi kilichofuata akaja kipa Alisson. Walipoteza nusu msimu na heshima kidogo kwa ajili ya jina moja, kwa sababu ndilo jina ambalo kocha na mkurugenzi walikuwa wamekubaliana.

Habari ya Coutinho inanipeleka kwenye jambo linalozua ugomvi mkubwa kuliko yote: nyota anapouzwa. Shabiki huona kuuzwa kwa nyota ni usaliti moja kwa moja. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni kinyume chake kabisa. Maswali yangu hapa ni mawili tu, fedha zinakwenda wapi na baada ya muda gani. Za Coutinho zilirudi golini na kwenye ulinzi ndani ya miezi saba, mahali palipokuwa panavuja. Na kama nyota hakuuzwa kwa fedha bali kaondolewa kwa sababu kagombana na kocha, hapo swali ni nani alibaki.

Septemba 2018 Mourinho alimvua Paul Pogba unahodha msaidizi. Desemba Mourinho akawa nyumbani na Pogba akawa uwanjani. Mchezo uliisha hapo, na kila kocha aliyefuata alijua hivyo kabla ya kusaini.

Sasa linganisha na Arsenal. Mikel Arteta hakuwa na jina kubwa la ukocha alipofika Desemba 2019, lakini kesi yake ndiyo bora kuliko zote kwa kujifunzia. Mesut Özil, aliyekuwa akilipwa kuliko mchezaji yeyote klabuni, aliwekwa nje ya kikosi hadi akaondoka Januari 2021. Desemba mwaka huo ikafika zamu ya Pierre-Emerick Aubameyang, nahodha na mfungaji wao tegemeo, aliyekuwa ameongezewa mkataba mnono mwaka mmoja tu nyuma. Akavuliwa kitambaa kwa utovu wa nidhamu, mkataba ukavunjwa, akaenda Barcelona bila Arsenal kupata ada. Klabu haikusajili mshambuliaji wa kuziba pengo. Msimu ukaisha Arsenal nafasi ya tano, pointi 69. Tottenham ya Conte nafasi ya nne, pointi 71, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa.

Pointi mbili! Mtu yeyote kijiweni Mei 2022 angekuapia kwamba Conte ndiye aliyeungwa mkono na Arteta ndiye aliyeachwa mnyonge. Msimu uliofuata Arsenal ilimaliza ya pili, na Tottenham, ikiwa imeshaachana na Conte, ikamaliza ya nane. Arsenal ilikuwa imelipa kwa nafasi ya Ligi ya Mabingwa ili neno la kocha libaki neno. Sidhani kama kuna usajili wowote wa pauni milioni 60 unaoweza kununua kitu hicho.

Arsenal hiyo hiyo inatupa kipimo cha kipindi kibaya. Agosti 2021 walipoteza mechi tatu za kwanza za ligi, hawakufunga bao, wakafungwa tisa, wakakaa mkiani. Na hiyo ni baada ya kumaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo na kutumia zaidi ya pauni milioni 140 dirisha hilo. Makocha wamefukuzwa kwa robo ya hayo. Timu yako ikipita kwenye bonde kama hilo, usisikilize kura ya imani, maana inapotangazwa huwa tayari kuna mtu ameulizia kura ya kutokuwa na imani. Sikiliza nani anajitokeza kuzungumza. Mkurugenzi wa michezo anayekaa mbele ya kamera timu ikiwa mkiani na kusema usajili huu niliufanya mimi, huyo anagawana lawama na kocha. Mkurugenzi anayetokea siku za kutambulisha wachezaji tu, na timu ikifungwa haonekani, anamwachia kocha mzigo wote. Na magazeti yakianza kuandika kwa undani kilichosemwa kwenye mazoezi, habari hizo zimetoka ndani kwa mtu anayeandaa mazingira.

Kuna kipimo kimoja ambacho, ningelazimishwa kuchagua, ningekiweka juu ya vyote hivi: historia ya mmiliki. Mmiliki habadiliki tabia kwa sababu kabadilisha kocha. Benítez alikwenda Newcastle Machi 2016, mtu aliyechukua Ligi ya Mabingwa na Liverpool. Timu ikashuka daraja naye, akabaki, akaipandisha mwaka uliofuata ikiwa bingwa wa daraja hilo. Wakati huo wote rekodi ya usajili ya Newcastle ilikuwa ni Michael Owen wa mwaka 2005. Mike Ashley aliinunua klabu mwaka 2007, na zaidi ya miaka kumi ya umiliki wake ilipita bila kuivunja rekodi hiyo, katika enzi ambayo bei za wachezaji zilikuwa zinapaa kila msimu. Ilivunjwa Januari 2019 kwa Miguel Almirón, takriban pauni milioni 20. Juni Benítez akaondoka mkataba wake ulipoisha. Julai, wiki chache tu baadaye, Newcastle ikamsajili Joelinton kwa milioni 40.

Soma tena tarehe hizo. Fedha zilikuwepo. Manchester United walifanya vivyo hivyo: Mourinho alilia apewe beki wa kati kiangazi cha 2018, akapewa kiungo Fred, beki wa pembeni Diogo Dalot na kipa mkongwe Lee Grant. Mwaka uliofuata, yeye akiwa ameshaondoka, Harry Maguire akanunuliwa kwa milioni 80. Unapotaka kujua klabu yako itamfanyia nini kocha mpya, chukua karatasi uandike makocha watatu waliopita. Andika kila mmoja aliomba nini, alipewa nini, na klabu ilinunua nini miezi sita baada ya kumfukuza. Ukikuta malalamiko ya wote watatu yanafanana, tatizo limo ndani ya nyumba. Kwa Tottenham orodha hiyo ingekuwa Pochettino, Mourinho aliyefukuzwa siku sita kabla ya fainali ya Kombe la Ligi Aprili 2021, Nuno Espírito Santo aliyekaa miezi minne, kisha Conte. Wote chini ya mwenyekiti mmoja, Daniel Levy, aliyeshika nafasi hiyo tangu 2001 hadi Septemba 2025. Hata Ange Postecoglou aliyewapa Kombe la Europa Mei 2025, taji lao la kwanza tangu 2008, alifukuzwa siku 16 baada ya fainali.

Kuna mambo yasiyo na mvuto ambayo huwa yanasema ukweli kuliko habari za mbele. Benchi la ufundi ni mojawapo. Klopp alikuja na wasaidizi wake wawili wa siku zote, Željko Buvač na Peter Krawietz. Kisha mwaka 2016 klabu ikawatoa Bayern Munich mtaalamu wa viungo, Andreas Kornmayer, na mtaalamu wa lishe, Mona Nemmer. Baadaye ikaajiri hadi mwalimu wa kurusha mipira, Thomas Grønnemark, jambo lililochekwa sana. Hakuna shabiki anayeandamana kwa ajili ya mpishi. Lakini klabu inayomwachia kocha kupanga chakula cha wachezaji imeshamkabidhi mambo mengi ambayo huyaoni. Kocha mkubwa akiletwa peke yake, akapewa wasaidizi waliomtumikia mtangulizi wake, jiulize mbona.

Hapo Simba na Yanga wanaingia, maana kwetu jambo la benchi la ufundi na maandalizi ya msimu huwa na uzito kuliko bei ya mchezaji. Na kwetu swali huwa limegeuka. Nasreddine Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, wakalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini tu, kisha akaondoka. Fiston Mayele naye akauzwa Pyramids ya Misri. Fadlu Davids aliifikisha Simba fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, na Septemba akaenda Raja Casablanca. Ukiwa na kocha wa aina hiyo, kufukuzwa si hofu ya kwanza. Hofu ya kwanza ni simu kutoka kaskazini mwa Afrika. Klabu inayomwamini hukaa naye mezani kumwongezea mkataba wakati timu bado inashinda, na humwambia mapema nani atauzwa. Ikisubiri hadi fainali iishe, imeshachelewa.

Nisiwe mtu wa kumtetea kocha tu. Kocha mkubwa anajua kujilinda, na kelele zake si ushahidi kila mara. Conte akiwa Juventus alisema kwamba huwezi kuingia mgahawa wa euro 100 ukiwa na euro 10 mfukoni, akimaanisha kwamba kikosi chake hakitoshi kwa Ligi ya Mabingwa. Julai 2014 akajiuzulu. Massimiliano Allegri akaichukua timu ile ile kwa sehemu kubwa, na Juni 2015 alikuwa Berlin akicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa na Barcelona. Na jioni ya Machi 2023, baada ya Tottenham kuongoza 3-1 na kurudishwa 3-3 na Southampton, Conte aliwashambulia wachezaji wake mwenyewe kwa ubinafsi na kuihoji klabu ambayo, kwa maneno yake, haitwai makombe chini ya mmiliki yule yule wa miaka 20. Alikuwa na hoja, lakini alikuwa pia anatafuta mlango. Kumtofautisha kocha anayeomba msaada na kocha anayeandaa safari ni rahisi kuliko inavyoonekana. Anayeomba msaada hutaja nafasi: nahitaji beki wa kushoto. Anayeaga huzungumzia utamaduni, roho ya ushindi na historia ya klabu.

Naongeza Napoli, kwa sababu inaharibu kidogo nadharia yangu. Kiangazi cha 2024 klabu ilikuwa imetoka nafasi ya kumi na haikuwa na mechi za Ulaya. Mwenyekiti Aurelio De Laurentiis, mtu ambaye hakuna kocha anayemsahau, alimpa Conte Lukaku, Scott McTominay, Alessandro Buongiorno na David Neres. Halafu Januari 2025, timu ikiwa kwenye mbio za ubingwa, akamuuza Khvicha Kvaratskhelia PSG, na mbadala akaja Noah Okafor kwa mkopo. Kwa vipimo vyangu, hapo ningepiga kengele. Mei Napoli ikawa bingwa kwa pointi moja juu ya Inter. Nadhani jibu ni kwamba uti wa mgongo wa timu ulishajengwa dirisha la kwanza kwa mapenzi ya kocha, na kiungo McTominay akacheza kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Au pengine Conte ni kocha mzuri tu.

Sasa lini utoe hukumu? Dirisha la kwanza lipe uzito mdogo, hasa kocha akiwa amekuja katikati ya msimu. Januari 2016, dirisha la kwanza la Klopp, Liverpool ilimchukua Steven Caulker kwa mkopo na kumnunua kijana Marko Grujić. Ungehukumu kwa hayo ungesema hawana habari naye. Januari 2022 Conte alipata Dejan Kulusevski na Rodrigo Bentancur kutoka Juventus, wote wawili wakafaa papo hapo, na ungeapa mapenzi ni ya kudumu. Dirisha la kwanza huwa limepangwa na watu waliokuwepo kabla yake, au ni zawadi ya fungate.

Kaa macho dirisha la pili. Kufikia hapo kocha ameshafungwa mechi kadhaa, ameshagombana na mtu mmoja mwenye mshahara mkubwa, na ameshataja hadharani nafasi mbili anazozihitaji. Ziandike. Dirisha likifungwa, angalia kama hata moja imejazwa, na kama yule aliyegombana naye bado anaanza. Kama nafasi ziko wazi na mgombanaji kavaa kitambaa cha unahodha, unaweza kuanza kuulizia makocha gani hawana kazi kwa sasa, kwa kuwa mwenyekiti wako naye anaulizia.